Pua ya Mgeni

Chumba kinaponuka na chanzo hakionekani, swali la kwanza huwa ni "nani?" Nani hakufua, nani aliacha sufuria chini ya kitanda, nani amelowesha godoro. Swali hilo hufika hata kabla dirisha halijafunguliwa. Katika nyumba za kupanga za Isebania, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, ambako mara nyingi kitanda, mtungi wa gesi, ndoo za maji na mlango wa choo hukaa ndani ya kuta nne zilezile, swali hilo humwangukia asiye na nafasi ya kujitetea: mke, dada wa kazi, mtoto anayekojoa kitandani, mzee aliyeletwa mjini kutibiwa. Mimi nashikilia kwamba linaulizwa mapema mno. Harufu mbaya isiyo na chanzo cha wazi inaishuhudia nyumba kabla ya kumshuhudia mtu, na swali linaloweza kutufikisha kwenye chanzo chake ni "lini?"

Lugha yenyewe imetupa vifaa vya kazi hii, nasi tumeviacha vikae. Kiswahili hutenganisha kunuka na kunukia kwa silabi moja tu, kisha kikaendelea kuzipa harufu mbaya majina yake. Shombo ni ya samaki. Uvundo ni wa kitu kilicholala na unyevu hadi kikavunda. Kikwapa na kutuzi ni vya mwili na jasho. Mayai yaliyoharibika huitwa viza, na kila aliyewahi kulivunja yai viza anaijua harufu yake hata akiikuta mbali na kuku. Huku bara tumezoea kusema "kunanuka" na kuishia hapo, kama vile daktari angeandika "anaumwa" kwenye kadi ya mgonjwa na kumrudisha nyumbani. Jina la harufu hupunguza eneo la kutafuta. Aliyesema "uvundo" ameshaanza kutazama ukuta na godoro. Aliyesema "mayai viza" ameshaelekea bafuni. Aliyesema "mkojo mkali" anapaswa kuinua macho kwenye dari, maana popo na panya hawashuki kutumia choo.

Lakini pua ni shahidi anayechoka haraka. Linda Buck na Richard Axel walichapisha mwaka 1991 utafiti juu ya vipokezi vya harufu, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004, na leo inafahamika kwamba binadamu ana takribani aina 400 za vipokezi hivyo vinavyofanya kazi. Ni utajiri mkubwa, ila pua huzoea. Ukikaa na harufu ileile kwa dakika chache, pua huacha kuiripoti, ili ibaki tayari kunasa jambo jipya. Ndiyo maana anayeishi chumbani huapa kwamba harufu imekwisha, na anayeingia kutoka nje hushika pua mlangoni. Hapa methali ya mgeni njoo mwenyeji apone ina ukweli wa kimwili kabisa: pua ya mgeni ndiyo nzima. Ila adabu zetu humfunga mdomo. Mgeni aliyekaribishwa chai hathubutu kusema chumba kinanuka, kwa kuwa anajua maneno yake yatasikika kama tusi kwa mwenye nyumba, na hasa kwa mwanamke wa nyumba hiyo. Shahidi bora tulimnyamazisha siku tulipoamua kwamba harufu ni aibu ya mtu. Anayetaka kuitafuta kwa dhati itabidi ajifanye mgeni kwake mwenyewe: atoke, atembee hadi barabara kuu inayoelekea Sirari, akae robo saa kwenye upepo, kisha arudi na kuiamini pumzi yake ya kwanza peke yake. Au amwombe rafiki waziwazi, "Ingia, niambie inatoka wapi, sitakasirika."

Sasa hilo "lini". Kila chanzo kina saa zake, na saa hizo ni vigumu kuzighushi. Tuanze na mayai viza. Harufu hiyo ikija alfajiri wapangaji wa jengo zima wanapooga na kuvuta maji ya choo, ikafifia mchana, kisha ikarudi usiku madirisha yanapofungwa kwa sababu ya mbu na wezi, inafuata ratiba ya mabomba. Chini ya tundu la sakafu ya bafu panatakiwa kuwa na bomba lililopindwa kama herufi U, ili maji kidogo yabaki kwenye kona yake daima. Maji hayo, ya kina cha sentimita 5 hivi, ndiyo mlango pekee uliopo kati ya kitanda na shimo la maji machafu. Alexander Cumming, mtengenezaji wa saa aliyefanya kazi London, alipata hataza ya choo chenye bomba la namna hiyo mwaka 1775, na hadi leo mafundi wanategemea kizibo kilekile cha maji. Kina udhaifu wake. Maji hukauka yasipoongezwa. Tena, bomba likikosa tawi la kupumulia linalopanda hadi juu ya paa, jirani akivuta maji kwa nguvu huyafyonza maji ya kwako yakaondoka nayo. Aliyelala karibu na bafu husikia tundu likigugumia kama mtu anayesukutua koo. Na kuna majengo ambamo kona hiyo haikuwekwa kabisa, bomba likashuka moja kwa moja hadi shimoni. Kulijua hili hakuhitaji nyundo. Mulika tundu kwa tochi ya simu. Ukiona maji yanang'aa, mlango umefungwa. Ukiona giza, mimina jagi moja, usubiri, umulike tena: maji yakisimama, kizibo kilikuwa kimekauka tu; yakitoweka yote, huna kizibo, na hakuna kiasi cha sabuni kitakachokuokoa.

Isebania ina sababu yake ya pekee ya kulijali tundu hilo. Ni mji wa mpaka. Watu huja kwa biashara inayovuka kwenda na kurudi Tarime, kwa kazi za forodha, kwa uhamisho wa serikali, kwa safari za malori, na huondoka kazi au biashara inapohamia kwingine. Vyumba hubaki vimefungwa wiki kwa wiki. Jua la Januari na Februari hukausha maji ya kona ileile, na hewa ya shimo hupanda polepole, ikaingia kwenye pazia, kwenye magunia yaliyosahaulika, kwenye plasta ya ukuta. Mpangaji mpya akiingia mwezi wa tatu anaikuta. Majirani wanasema aliyetoka alikuwa mchafu. Baada ya mwezi mmoja watasema aliyeingia ni mchafu. Kati ya watu hao wawili, kilichobadilika ni majina kwenye kitabu cha kodi. Kama harufu imedumu kwa wapangaji watatu ambao hawajawahi kuonana, basi anayestahili kuhojiwa ni aliyebaki mahali hapo muda wote, yaani jengo lenyewe.

Wapo watakaosema hiyo ni kero tu, harufu haiui. Watazame kilichotokea Amoy Gardens, mtaa wa majengo marefu huko Hong Kong, Machi 2003. Zaidi ya wakazi 300 waliambukizwa ugonjwa wa SARS kwa muda mfupi. Wachunguzi wa serikali walipofuatilia, macho yao yalitua kwenye matundu ya sakafu ya bafu. Watu walikuwa wanapangusa sakafu badala ya kuimwagia maji, vizibo vikakauka, na feni za bafuni zikavuta hewa na matone kutoka kwenye mabomba yaliyounganisha nyumba juu na chini. Kabla ya kubeba virusi, njia hiyo ilikuwa wazi kwa kitu chochote kitakachopanda bombani. Pale ambapo harufu ya shimo inapita, vingine navyo vinaweza kupita. Isitoshe, gesi inayotoa harufu ya mayai viza, hidrojeni salfaidi, ina hila moja mbaya: ikiwa kidogo sana pua huinasa, ikiwa nyingi hulemaza neva za kunusa, mtu akadhani imeondoka. Ndiyo sababu wanaoingia kuzibua mashimo bila kinga huangukia humohumo, na anayeshuka kuwaokoa huangukia juu yao.

Kitu kilichokufa kina saa tofauti kabisa. Hakijali alfajiri wala usiku. Huanza kidogo, hupanda siku baada ya siku, hufikia kilele, kisha hushuka hadi kuisha. Sumu nyingi za panya zinazouzwa leo huzuia damu kuganda, na mnyama hafi papo hapo. Huchukua siku kadhaa, akidhoofika, akijificha mahali penye joto na giza. Imani kwamba sumu humfanya atoke nje kutafuta maji imewaliza wengi. Hufia juu ya dari, na chini ya mabati ya moto wa adhuhuri mwili wake huoza upesi. Basi mwenye chumba hufagia, hupiga deki, hubadilisha mashuka, na harufu inazidi kana kwamba usafi ndio unaoilisha. Anayeisoma saa ya mzoga ataacha ufagio na kutazama nzi. Nzi wa rangi ya kijani inayometa huinasa harufu ya mzoga mapema kuliko sisi, na wakianza kugonga kioo cha dirisha lililofungwa, hawakuingia kwa dirisha hilo. Wametokea kwenye ufa wa dari, karibu na walikozaliwa. Hapo ndipo pa kuweka ngazi.

Uvundo hufuata majira. Husinzia wakati wa kiangazi na kuamka Machi mvua ndefu zinapoanza, kwa kuwa saruji ni kama sponji: hunywa unyevu kutoka ardhini, na pamoja nao hutoa ilichowahi kunywa zamani. Chumba kilichowahi kuwa stoo ya tumbaku, zao ambalo wakulima wa Kuria wamelilima kwa miaka mingi, au stoo ya omena, yaani dagaa, kutoka Muhuru Bay na Karungu, kinaweza kukaa kimya mwaka mzima na kusema siku ya mvua ya tatu. Hapa swali la "lini" linatoka kwenye saa na kuingia kwenye historia: chumba hiki kilikuwa nini kabla hakijapakwa rangi? Mpangaji ana haki ya kuuliza hivyo kabla ya kulipa dipoziti.

Shombo ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, na hasa katika nchi hii ya ziwa. Mbita, Homa Bay, Sori, Muhuru: omena hupita sokoni kila siku, hukaa jikoni, hubebwa kwenye mifuko. Chumba kikinuka samaki Isebania, nani atashangaa? Mama ataulizwa kama amefunika chakula, atasema amefunika, na mjadala utakwisha. Lakini plastiki ya soketi na viunganishi vya umeme, ikipata joto kupita kiasi, nayo hutoa harufu inayofanana sana na samaki, wakati mwingine na mkojo. Soketi iliyolegea nyuma ya kitanda, iliyobebeshwa ekstensheni yenye birika la umeme, pasi na chaja tatu, inaweza kutoa shombo hiyo kwa siku nyingi kabla haijatoa moshi. Saa yake ni ya matumizi: huja birika linapochemka, huondoka umeme unapokatika. Ikiwa siku ya giza mtaa mzima chumba kilikuwa safi, na umeme uliporudi samaki naye akarudi, huyo samaki yumo ukutani. Sogeza kitanda. Tazama kama uso wa soketi una doa la hudhurungi, sogeza mgongo wa kiganja karibu nao usikie joto, uzime swichi kuu, umwite fundi. Anayelaumu omena kwa wiki mbili anaweza kuamka moto umeshashika pazia, kama ataamka. Mary Carskadon na Rachel Herz walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kwamba harufu haimwamshi kwa uhakika mtu aliyelala usingizi. Pua hulala pamoja na mwenyewe. Gesi ya kupikia hutiwa kemikali ya kunuka makusudi ili tuigundue ikivuja, lakini gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na aliyelala kando ya mtungi asiitegemee pua yake. Na hewa ya makaa, monoksidi ya kaboni, haina harufu yoyote. Hivyo chumba kisichonuka hakijawa salama kwa hilo pekee. Ninachodai ni kwamba, harufu inapojitokeza, tumepewa onyo ambalo hatari nyingine hazitoi.

Pingamizi lenye nguvu zaidi nalijua, na nalichukulia kwa uzito. Mtu atasema kwamba mara nyingi chanzo ni uchafu wa kawaida: taulo lililokunjwa likiwa bichi, viatu vya mvua, maji ya kuoshea vyombo yaliyolala, godoro ambalo halijaona jua tangu linunuliwe. Ni kweli, na ni sahihi kuanzia hapo, kwa kuwa ndipo penye gharama ndogo. Lakini angalia tabia ya vyanzo hivi. Vinakubali hukumu ya siku moja. Toa godoro nje asubuhi hadi jioni, fua, anika, mwaga, sugua. Kama kosa lilikuwa hapo, usiku huohuo utajua. Ni mtihani wa haki kwa sababu una mwisho. Dhuluma huanza pale usafi unapofanywa, harufu ikabaki, na jibu la jirani au la mume likawa "hukusafisha vizuri." Mtihani usioweza kufaulika si mtihani. Nimewaza sana juu ya wanawake wanaopiga deki chumba kimoja mara tatu kwa siku huku chanzo kikiwa kwenye bomba alilolilaza fundi miaka kumi iliyopita. Anayesugua saruji kwa aibu hachunguzi. Huzidisha Jik na dawa ya choo, na mchanganyiko wa dawa za namna hiyo unaweza kutoa gesi ya klorini, hatari ambayo haikuwemo chumbani kabla yeye hajaanza kujitetea.

Pingamizi la pili linatoka kwa waliosoma. Watanikumbusha kwamba Wazungu wa karne ya 19 waliamini harufu mbaya ndiyo huleta maradhi, na wakakosea. Jina la malaria, ugonjwa usiokauka kwenye kaunti hizi za ziwa, lilitokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya hewa mbaya, na imani hiyo ilidumu hadi Ronald Ross alipoona vimelea ndani ya mbu mwaka 1897. Kipindupindu kilisingiziwa mivuke, wakati daktari John Snow alishaonyesha London mwaka 1854 kwamba kilitoka kwenye maji ya pampu. Yote sawa. Ila kiangazi cha mwaka 1858 mto Thames uliponuka hadi mapazia ya Bunge yakaloweshwa dawa ya chokaa, wabunge walikubali kwa haraka kumpa mhandisi Joseph Bazalgette fedha za mabomba makubwa ya maji taka, na mabomba hayo yakapunguza kipindupindu. Waliamini sababu isiyo sahihi na wakaelekezwa mahali sahihi, kwa kuwa harufu ilionyesha palipo na kinyesi ndani ya maji ya kunywa. Simtakii mtu arudi kuogopa mivuke. Nataka harufu ichukuliwe kama kidole: hakitaji ugonjwa, kinaelekeza pa kuchimba.

Na ubani? Watu wa pwani wametufundisha kufukiza udi, na chumba kinachonukia ni heshima kwa anayelala humo. Sina ugomvi na udi unaofukizwa katika chumba kisicho na kasoro. Ugomvi wangu ni na manukato yanayopuliziwa juu ya kitu kilichooza, kwani hapo tunaharibu ushahidi, halafu pua inayazoea manukato na uozo kwa pamoja, ikanyamaza. Moshi, hata hivyo, una kazi nyingine tunayoisahau. Washa kijiti cha udi, au dawa ya mbu ya kuwasha iliyopo kila kioski, funga madirisha, zima feni, na uishike karibu na tundu la bafu, na kizingiti cha mlango, na pembe ya dari, na ufa wa ukuta. Fanya hivyo baada tu ya kuhakikisha hakuna harufu ya gesi ya kupikia. Moshi uliotulia hupanda wima. Moshi huo ukilala ghafla, ukasukumwa kuelekea kitandani, umeonyesha hewa inaingilia wapi. Unakuwa shahidi wa pili, asiyezoea harufu na asiyemwonea mtu haya.

Mwenye ploti naye atasema kodi ni ndogo na kubomoa sakafu ni gharama. Kubomoa ni gharama kweli, ndiyo maana jagi la maji, tochi na moshi vitangulie. Mara nyingi nyundo haitahitajika. Inapohitajika, mzigo si wa mpangaji. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya nyumba ya kutosha na viwango vinavyofaa vya usafi, na Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, huhesabu makao na mifereji iliyo katika hali ya kudhuru afya kuwa kero ambayo afisa wa afya anaweza kuagiza iondolewe. Anayepeleka malalamiko apeleke na saa zake zimeandikwa: siku, muda, mvua au jua, umeme upo au haupo, nani mwingine aliisikia. Karatasi ya namna hiyo ni ngumu kuijibu kwa neno "uchafu".

Lakini sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji afisa wala hakimu. Kila ploti ina mtu anayeshika fungu la funguo. Chumba kikiwa kimefungwa tangu Desemba, aingie kila baada ya wiki mbili na jagi la maji, amimine kwenye tundu la bafu, kwenye sinki na chooni, adondoshe kijiko cha mafuta ya kupikia juu ya maji ya tundu yasikauke upesi, aache dirisha wazi nusu saa, kisha afunge mlango. Mpangaji atakayekuja mwezi wa tatu hatajua kwamba kuna mtu alipita humo.